Boila Lililokwama Mpakani

Silesia, 11 Desemba 2022

Dada yangu mpendwa Adela,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mpwa wangu, na kwamba baridi ya huko Norway inakaa nje ya nyumba, mahali pake. Mgongo wako vipi? Wale wazee unaowanyanyua kazini wanakupumzisha hata Jumapili? Huku baba hajambo. Mama anapumua, na siku hizi kwetu hiyo ni habari njema. Mimi mwili hauna neno, ila nina kinyaa, dada yangu. Kilinianza mwezi wa Aprili, kikawa kinapanda mwezi hadi mwezi, sasa kimefika kooni.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu mama hukaa ubavuni mwangu, akianza kukohoa unamsikia, tunaishia kuzungumzia dawa ya kikohozi. Tena pesa za boila ulizituma wewe, umezitoa kwenye mgongo huohuo ninaokuulizia. Una haki ya kuambiwa mambo yote, moja baada ya jingine.

Unakumbuka daktari wa mapafu alivyosema mwezi wa Machi. Alimsikiliza mama mgongoni, akavua vifaa vyake masikioni, kisha akaniuliza mimi tunapasha nyumba joto kwa kitu gani. Nikamwambia kwa makaa ya mawe, kwa boila la zamani lililoko stoo ya chini, na chumba cha mama kiko juu yake. Akasema basi tuache kumsumbua mama kwa dawa mpya. Ama boila lile litoke kabla ya baridi, ama tujiandae kumzika, kwa sababu mapafu aliyobaki nayo hayamalizi majira mengine ya baridi juu ya moshi ule. Alisema hivyohivyo, bila kuzunguka. Nilimchukia siku ile. Sasa namwona kuwa ndiye mtu pekee aliyesema kweli mwaka huu mzima.

Lile dude unalijua. Baba alilichomelea mwenyewe na wenzake wa mgodini mwaka niliozaliwa mimi, kwa vyuma ambavyo hatukuwahi kuulizia vilikotoka. Linameza kila kitu na kutema moshi kwenye kila ufa wa sakafu. Mama ameyafua mapazia ya chumba kile kwa miaka arobaini, na maji ya kwanza hutoka meusi kila mara. Tulipokuwa wadogo tulidhani ndivyo mapazia yalivyo.

Basi tukaanza kuchagua. Nilimwita fundi Zeflik, yule mwenye sikio moja kubwa uliyekuwa ukimcheka shuleni, akaja jikoni akatandaza vitabu vyake vya picha juu ya meza. Alituambia kuna boila la gesi, kuna pampu ya umeme inayovuta joto kutoka hewani, na kuna boila la vidonge vya mbao, vile vinavyotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa. Hilo la mwisho linajilisha lenyewe na moshi wake huuoni. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, “We Zeflik, marehemu baba yako alikuwa na akili, wewe umezipeleka wapi? Silesia nzima imekaa juu ya makaa, unaniambia nichome vumbi la mbao? Vumbi la mbao mimi nawatandikia sungura!” Zeflik akakunja kitabu chake taratibu akamjibu, “Mzee Alojz, sungura wako wanapumua vizuri kuliko mkeo.” Baba alitoka akaenda kusimama bustanini, nasi tukapiga kura bila yeye.

Tulichagua gesi. Ilikuwa Jumatatu. Kabla wiki haijaisha Warusi wakafunga bomba, na redio ikaanza kutueleza kila saa kwamba hakuna haja ya wasiwasi, jambo ambalo hapa kwetu maana yake tunaijua. Serikali nayo ikapiga marufuku makaa yao. Hapo ndipo baba alipopigwa butwaa, maana ilibainika kwamba makaa aliyokuwa akiyanunua miaka hii yote pale depo, chini ya magofu ya mgodi wake mwenyewe, yalikuwa yanasafirishwa kwa treni kutoka Siberia. Miaka ishirini na minane amekaa chini ya ardhi ya Silesia, halafu uzeeni anaota moto wa Siberia bila kujua!

Mwezi wa Mei Zeflik akageuka, akasema tununue pampu. Wiki iliyofuata akasema tusinunue, foleni yake ni ya mwaka mzima, na kuta zetu zinavuja joto kama chujio. Kisha akasema vidonge. Kisha akasema tungoje kidogo, maana vidonge vingi vilikuwa vinatoka Belarus na huko nako kumefungwa. Alikuwa anabadili dini kila Jumatano. Mama alikuwa akisikiliza haya yote kutoka chumbani kwake, mlango wazi, na siku moja akaniita akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba kama tutaendelea kuchagua hivi, tuchague na jeneza kabisa, pengine nalo litapanda bei. Mwezi wa Juni pesa zako zilipofika nikapiga moyo konde, nikaagiza boila la vidonge. Dukani waliniahidi litafika Septemba.

Sasa dada, sikiliza kiangazi kilivyokuwa. Watu wamenitia kinyaa! Majirani tuliokua nao walilala ndani ya magari wiki nzima nje ya mgodi ambao bado unafanya kazi, wakingojea zamu ya makaa, na wengine hawakuwa na shida ya makaa hata kidogo. Walinunua na kwenda kuyauza mtaani kwa bei maradufu, kwenye mifuko ya viazi, nyuma ya kanisa. Serikali ikatangaza ruzuku kwa kila familia yenye boila la makaa, na kufumba na kufumbua nyumba yenye mlango mmoja ikawa na familia nne. Yule mwalimu wako wa hisabati alimwandikisha bibi yake kama kaya peke yake, kwenye chumba cha kuhifadhia baiskeli. Bibi mwenyewe alikufa mwaka juzi. Ukikutana nao Jumapili wanakushika mkono kwa utaratibu, “Sifa kwa Mungu, bwana Achim,” na kucha bado nyeusi.

Kazini nako ndiko kwenyewe. Unajua sisi mgambo wa manispaa tuna kazi gani nyingine zaidi ya kuandika faini za maegesho: tunabisha milango na kuchota majivu. Jirani akipiga simu kwamba moshi unanuka, tunakwenda na ndoo na kijiko cha chuma, tunachukua sampuli kwenye boila, tunaipeleka maabara kuona mtu amechoma nini. Tangu Agosti simu hazikukatika. Nimechota majivu yenye vifungo vya godoro. Nimekuta soli ya kiatu, waya wa redio, nepi ya mtoto iliyokataa kuungua ikabaki imejikunja mle kama kitu kilichozaliwa. Harufu yake inakaa kwenye nywele siku tatu. Na kila mwenye nyumba anakuangalia usoni na kukuambia ni kuni kavu tu, bwana mgambo, kuni za mti wa tofaa. Mmoja alinikaribisha keki ya mbegu za popi huku moshi wa plastiki ukizunguka chini ya taa ya jikoni kwake. Nilikula, maana mke wake alikuwa amesimama palepale. Nilitapika nje nyuma ya gari.

Katikati ya uchafu wote huo, dada, baba yetu akafanya jambo ambalo hujaambiwa na mtu, maana mwenyewe halisemi.

Mwanzoni mwa Septemba niliwaambia wazee kwamba boila linakuja wiki ijayo. Baba alinung’unika kama kawaida, sungura, vumbi la mbao, na kadhalika. Jumapili ya tarehe kumi na nane nikaenda kula chakula cha mchana. Mama alikuwa amepika nyama ya kuviringisha na kabichi nyekundu, nikajua kuna sherehe. Baada ya kula baba akaniambia nishuke naye chini. Nilishuka nyuma yake. Adela, stoo ilikuwa nyeupe. Kuta zote, dari, hadi yale mabomba ya pembeni, amezipiga chokaa mara tatu, yeye na goti lake bovu, juu ya ngazi. Sakafu ameisugua mpaka matofali yakaonekana, nami sikujua kwamba chini pale kuna matofali. Lile boila la zamani alikuwa ameshalilegeza nati ili lisichukue muda kutolewa. Na kwenye kona ambako rundo la mwisho la makaa lilikuwa limekaa, zile tani mbili alizogawiwa na mgodi mwaka ulipofungwa, ambazo hakutaka hata siku moja kuzigusa, palikuwa patupu.

Nikamuuliza makaa yako wapi. Akasema amempa Elfryda, mjane wa yule mwenzake aliyebaki chini mgodini mwaka wa themanini na saba. Mwanawe Elfryda amezunguka depo zote amekosa. Akasema makaa ya mgodi mtu hauzi, hayo unayajua, unampa mwenzio au mjane wa mwenzio. Amebeba kwa toroli siku tatu. Kisha akapitisha kiganja kwenye ukuta, akanionyesha: hakikushika hata vumbi. Akasema, “Truda wangu atalala juu ya chumba kisafi. Waambie hao watu wako wa lori wafute viatu.” Nilisimama kwenye ngazi nikaangalia viatu vyangu. Baba alidhani nimeguswa. Alinipiga bega, tukapanda kunywa kahawa.

Lori halikuja. Niliwaambia boila limekwama mpakani, na wewe nikakuambia hivyohivyo kwenye simu. Kwamba kuna kipuri cha umeme kinangojewa kutoka nje, kwamba forodha wamekaza, kwamba mambo ya biashara yamekuwa magumu. Nani angebisha? Mwaka huu kila kitu kimekwama mahali. Oktoba baridi ikaingia. Baba akazikaza tena nati za lile dude lake, na kwa kuwa kuliko kumdai mjane yale makaa kwake ni afadhali afe, akawa ananunua kwa wale wauzaji wa nyuma ya kanisa. Walimuuzia tope la makaa, lile lililopigwa marufuku, nusu maji nusu mawe. Baba yetu, aliyekuwa anaweza kukuambia makaa yametoka tabaka gani kwa kuyagonga tu na ukucha, analipa watu ili wampe tope. Kuta nyeupe zikaingia kijivu wiki ya kwanza. Wiki ya pili sikushuka tena kuziangalia.

Mama kikohozi kikamzidi Oktoba, na mwanzoni mwa Novemba akawa hawezi kulala chali. Nilitaka kumleta kwangu, kwenye joto la mabomba ya manispaa, lakini alikataa. Chumba kimoja, orofa ya nne, hakuna lifti, na hawezi kumwacha mumewe na nyumba yake. Tope likaisha. Baba akachoma uzio. Akachoma vibanda vya sungura, baada ya sungura kuliwa mmoja mmoja. Kisha tarehe ishirini na nne Novemba simu ikalia ofisini kwamba Mtaa wa Mgodi wa Zamani, nyumba namba kumi na nne, moshi wa njano unaingia madarasani kwa watoto wa chekechea.

Ningeweza kusema ni kwa wazazi wangu, nikamwachia mwingine. Mwenzangu Danuta aliniambia, “Achim, baki ndani ya gari, mimi naingia dakika tano.” Sijui ni kiburi gani kilinishika. Nilishuka na ndoo. Baba alifungua mlango, akatuona na sare zetu, akaturuhusu bila kuulizwa. Akatangulia ngazi za chini akishika ukuta. Danuta aliandika, mimi nikachota. Kwenye kijiko ikaja bawaba ya shaba yenye ua la kuchongwa, na nyingine, na kitasa. Lilikuwa kabati la harusi la mama, na vanishi yake yote. Danuta akamuuliza baba, kwa heshima, alikuwa anachoma nini. Wale wengine wote walituambia mti wa tofaa. Baba akavua kofia, akasema, “Kabati, mama. Lenye rangi. Najua hairuhusiwi. Andika.” Kisha akanigeukia akaniambia nisiweke sahihi mimi, bwana mgambo, asije mtu akasema familia imependeleana. Akaniita hivyo, bwana mgambo, mimi mwanawe.

Siku hiyohiyo nilimpakia mama kitini, mimi na Danuta tukambeba hadi orofa ya nne. Safari hii hakukataa. Sasa yuko hapa kwangu, na mashine ya oksijeni, analala kando ya dirisha. Baba hakukubali kuja. Anasema moto ukizimika kule maji yatagandia mabombani na nyumba itapasuka, na kuni sasa anapewa na Elfryda kidogokidogo. Anakuja kila siku saa sita mchana na sufuria ya supu chini ya koti. Mama hamsemeshi. Anapokea supu, anageukia ukutani. Nilidhani ni kwa ajili ya kabati.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa napazunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Boila halikukwama mpakani, Adela. Lilifika. Lilifika tarehe tisa Septemba, kwa wakati, likiwa zima, kwenye kreti ya mbao, nikawaambia walishushe gerejini kwangu ili Zeflik aje kulichukua wiki ifuatayo. Lilikaa pale siku saba. Wiki ileile bei ya vidonge ilikuwa imepanda mara tatu, na madukani havipo. Kila mtu alikuwa anasema wenye maboila ya vidonge watakufa baridi wakiwa wamekumbatia mashine zao mpya. Nikaingiwa na hofu kwamba nimechagua vibaya. Hiyo hofu ilikuwa ya kweli. Lakini hofu haikuuza boila. Norbert, yule mwenye kituo cha kuosha magari mtaa wa pili, alikuwa ameshajaza ghala lake vidonge tangu Mei, hana boila la kuvichomea, na maboila yameisha nchi nzima. Alinipa mara mbili na nusu ya bei uliyolipa wewe. Alizihesabu juu ya boneti ya gari langu, na mimi nilikuwa naliangalia lile gari, lile bovu, nikiwaza lingine. Niliwaza nitaagiza boila la pili Jumatatu, litafika Oktoba, wazee hawatajua kitu, wewe hutajua kitu, na faida itabaki mkononi. Ilikuwa Ijumaa jioni. Jumapili baba akanishusha nikaone kuta zake.

Jumatatu dukani waliniambia hakuna tena boila la aina yoyote mpaka mwakani.

Kwa hiyo wale wote niliokusimulia juu yao, wa mifuko ya viazi, mwalimu na bibi yake marehemu, nimekuwa nikiwatukana kurasa zote hizi kwa sababu nawajua kwa ndani. Wao waliuza makaa. Mimi niliuza pumzi za mama. Nilipokuwa nachota ile bawaba kwenye majivu sikupata hata nguvu ya kutapika. Nilirudi kwa Norbert mara mbili nikimsihi alirudishe, nikamwekea pesa zote na nyongeza juu. Akacheka. “Boila liko kazini, Achim. Njoo uchukue sampuli ukitaka, langu halina hata harufu.” Na ni kweli, halina. Dohani lake nalipita kila siku, utadhani nyumba haina watu.

Bado kuna kitu. Tarehe nne, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, baba alivaa sare yake nyeusi ya wachimbaji na ile kofia ya manyoya, akaandamana na wazee wenzake hadi kanisani, kumi na mmoja waliobaki. Baada ya misa akanishika kiwiko tukatembea. Nilidhani anataka kuzungumzia faini. Akaniambia kwamba Oktoba Norbert aliwaalika wazee kwenda kutazama boila linalojilisha lenyewe. Walikwenda wakazunguka chuma kile wakisifu. Ubavuni kulikuwa na karatasi ya lori, haikubanduliwa. Akasema, “Ilikuwa na jina langu. Pytlik Alojz, na mtaa, na namba ya nyumba. Nikaisoma mara mbili, nilikuwa na miwani.” Akasema wenzake hawakuiona, alisimama mbele yake mpaka walipotoka, kisha akaibandua akaitia mfukoni. Tangu Oktoba, dada! Alichoma uzio akijua, akachoma vibanda vya sungura wake akijua, akanifungulia mlango akaniita bwana mgambo akijua. Nililia pale barabarani na watu wanapita. Hakunikemea. Alisema tu nisimwambie mama. “Pumzi alizobaki nazo ni chache. Sitaki azimalizie kukulilia wewe.”

Na tangu hapo kila siku naona. Mama anauliza, akiangalia ukuta, kama lori lina habari yoyote. Nafungua mdomo, na baba anawahi, “Bado mpakani, Truda. Wanasema wiki hii.” Mzee ambaye hajawahi kudanganya hata kwa padri, anadanganya kwenye meza yangu. Najionea kinyaa kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote kwa majivu yoyote.

Pesa zako zimo zote ndani ya zile za Norbert. Sijagusa hata zloti moja, na gari ni lilelile. Zeflik ameniambia kuna pampu inaweza kupatikana Februari. Sijui kama Februari bado ina maana. Usinisamehe haraka, na usinipigie simu kunipoza.

Kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, mama ataongeza mistari yake chini kabla sijafunga bahasha, na unajua hajawahi kuongeza bila kusoma kilichotangulia. Nilifikiria kumwandikia karatasi nyingine safi ya habari za hali ya hewa aandike juu yake. Baba amenikataza kusema. Lakini siwezi tena kumsikiliza akinisemea uongo. Nampa barua yote, sasa hivi, asubuhi hii, kabla mzee hajafika. Huenda nafanya vibaya tena.

Msalimie shemeji, mbusu mpwa wangu kwa ajili ya mjomba wake asiyestahili kubusiwa, na kama Krismasi utaweza kuja, njoo kwa ajili yao. Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Achim

*

Adela mwanangu, Achim kanipa nami nimesoma yote, pole pole. Mashine hii inafanya kelele lakini inasaidia. Nilijua baba yako ananidanganya, kila akiutaja huo mpaka, masikio yanamwiva mekundu. Ila nilidhani yeye ndiye aliyelirudisha lori, kwa ukaidi wake, kwamba aliona moshi wake ni bora kuliko mimi. Wiki mbili na zaidi ananiletea supu nami nampa mgongo, na yeye kanyamaza. Sasa imekaribia saa sita. Navaa koti nikamngojee chini mlangoni. Ngazi ni nyingi, nitapumzika kila orofa. Achim alitaka kunishika mkono. Nimemwambia akae, nitashuka mwenyewe.

Mama